Kupanda Kitonga na 113

Tulitoka Dar es Salaam usiku kwenda Mafinga, mifuko 300 ya saruji nyuma, tani 15, na kulipokucha tulikuwa tumeshapita mizani ya Vigwaza. Gari ni Scania 113H, kipisi, halina tela, mali ya mjomba wangu, mdogo wake mama. Nimelijua tangu nasoma shule ya msingi, likiwa jekundu. Sasa ni la bluu, ila pale mlango wa dereva unapokwaruzana na fremu rangi imelika na wekundu wa zamani unachungulia.

Watoto wa mjomba wanataka aliuze. Hoja zao nimezisikia kwenye vikao vya familia na si za kitoto. Gari linakula mafuta, baba yao umri umesogea, benki zinakopesha, na malori mapya ya Kichina mtu anakabidhiwa na funguo zake siku hiyo hiyo akishalipa malipo ya kwanza. Mjomba huwasikiliza hadi mwisho, halafu huwajibu jambo moja: njooni safari moja, mjionee. Mimi ndiye niliyeitikia.

Ukilijua gari hili, namba yake inakueleza mengi. 11 ni lita za injini. 3 ni mfululizo wa 3, ambao Scania ya Sweden iliuingiza sokoni mwaka 1987. H ni chesisi nzito, ya kazi ngumu. Silinda ni sita, zimejipanga mstari mmoja, na kila pistoni inapanda na kushuka ndani ya laina yake, bomba la chuma ambalo fundi analichomoa na kupachika jipya. Kwa hiyo injini ikichoka, bloku haitupwi. Unanunua laina, pistoni, ringi na beringi, unaifanyia ovahoo, na inaanza maisha upya. Dizeli inasukumwa na pampu inayozungushwa na gia za injini yenyewe. Hakuna kompyuta inayoamua silinda ipi ipewe kiasi gani. Kila kinachotokea humo ndani unaweza kukiona kwa macho, kukishika, au kukisikia.

Tulipopita Kibaha bado giza, mjomba alininyooshea kidole upande kilipo kiwanda cha TAMCO, kilichokuwa kikiunganisha magari ya Scania hapa hapa nchini. Mafundi wa kwanza wa Scania aliowajua ama walipitia pale, ama walifundishwa na waliopitia pale. Kulikuwa pia na miaka migumu ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na mafuta kupanda bei duniani. Fedha za kigeni hazikuwepo, na spea zikawa za kusaka kwa tochi. Mafundi wakajifunza kukereza bushi kutoka kwenye vyuma chakavu, kuchomelea kilichopasuka, kuchukua kifaa cha gari moja na kukifanya kikae kwenye jingine. Ujuzi ule haukuondoka spea ziliporudi madukani. Uko Gerezani jijini Dar, uko Morogoro, uko kwenye vibanda vya mabati kandokando ya barabara hii yote, na ndio unaoliweka 113 barabarani hadi leo.

Chalinze tulisimama kunywa chai. Kabla hajagusa kikombe, utingo wetu, kijana wa Wanging'ombe, alizunguka gari zima. Anafika kwenye tairi, analigonga kwa kipande cha nondo na kusikiliza. Lililojaa upepo sawasawa linarudisha chuma kwa mlio mkavu, lililopungua linatoa sauti nzito iliyokufa. Halafu anaweka mgongo wa mkono juu ya habu. Si kiganja, mgongo wa mkono, kwa sababu ngozi ya huko ni nyepesi kuhisi na ikiungua bado utaweza kushika spana. Habu zote zikiwa na joto linalolingana, safari inaendelea. Moja ikizidi wenzake, ama beringi inaanza kuchoka, ama breki inaburuza bila kuachia. Alinifundisha, nikajaribu, na baada ya vituo viwili vitatu hata mimi nilikuwa nazihisi tofauti ndogo. Kazi hii haichukui hata dakika tano. Nina hakika kwamba malori mengi yaliyowaka moto matairi njiani yangesalimika kwa mkono wa mtu mmoja aliyeamua kushuka na kupapasa.

Morogoro tulipita kwa fundi wa pampu, kusalimia tu. Huyu ndiye anayelifanya gari lile mafuta kwa adabu. Pampu ya 113 ina vipistoni vidogo vinavyosukuma dizeli kwa nguvu kubwa hadi kwenye nozeli, na vipistoni hivyo vinalainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta yakiwa mepesi kupita kiasi, chuma kinasuguana na chuma. Ndiyo maana uchakachuaji uliwaumiza sana watu wa malori. Mafuta ya taa yalikuwa yakiuzwa kwa bei ya chini, wajanja wakawa wanayachanganya na dizeli, mpaka Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili biashara ile isilipe tena. Fundi ananiambia alizifungua pampu nyingi kipindi hicho, vipistoni vimekwaruzika kama vimepigwa msasa. Za namna hii zilitengenezeka. Alibadilisha vipistoni, akaifunga pampu kwenye mashine yake ya kupimia, akahakikisha kila silinda inapata kiasi sawa na mwenzake, akamrudishia mwenyewe gari lake.

Mbele ya Morogoro, maeneo ya Doma, tulilikuta lori jipya limeegeshwa pembeni, majani yamewekwa barabarani mbele na nyuma. Mjomba hampiti mtu aliyeharibikiwa. Tulisimama. Dereva, kijana msafi na mwenye heshima, alitupa shikamoo na kutueleza: taa ya injini imewaka jana jioni, gari limepoteza nguvu, halizidi mwendo wa baiskeli. Ameshapiga simu. Fundi mwenye kompyuta anatoka Dar. Mikononi alikuwa na spana nzuri kuliko zetu zote na hakuwa na mahali pa kuzitumia. Tulimwachia maji ya kunywa na mkate.

Sisemi lori lile ni baya. Injini za sasa zinahitaji mafuta safi, na mafuta yetu yamekuwa safi zaidi tangu Januari 2015, nchi za Afrika Mashariki zilipoanza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Ipo siku hata Doma patakuwa na kijana mwenye kompyuta ya kusomea magari. Lakini siku hiyo haijafika, na mzigo wa yule kijana ulikuwa unatakiwa Mbeya kesho yake. Kinachonigusa zaidi ni mikono yake. Ni dereva mzuri, anaipenda kazi, ila gari limemfungia mlango. Akilipa mkopo wake hadi shilingi ya mwisho, bado atahitaji ruhusa ya mtu mwingine kujua gari lake linaumwa nini.

Hifadhi ya Mikumi tuliivuka polepole, kama inavyopasa, twiga wakiwa mkono wa kulia. Mjomba alitumia utulivu huo kunisimulia barabara hii ilivyokuwa kabla ya lami. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Novemba 1965, njia ya Zambia ya kusini ikawa haitegemeki, na shaba ikalazimika kutafuta bahari kupitia huku kwetu, mafuta yakienda upande wa pili ndani ya mapipa. Kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services ilileta malori ya Fiat kwa ajili ya kazi hiyo. Barabara ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na madereva waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968 mapipa yakapungua, kisha lami ikaja, kisha reli ya TAZARA. Fiat zile, anasema, zilifanyiwa kazi hadi vyuma vikakataa, na waliozitengeneza usiku kwa taa ya kandili ndio waliomfundisha mwalimu wake.

Ruaha Mbuyuni, kwenye magunia ya vitunguu yaliyopangwa chini ya mibuyu, ndipo tulipousikia upepo. Gari limezimwa, kumetulia, mguu wa mjomba ukiwa bado juu ya breki, na kutoka upande wa nyuma kulia kuna mlio mwembamba, ssss, usiokoma. Breki za lori zinafanya kazi kwa upepo, na upepo ukipungua sana springi za breki zinajifunga zenyewe, gari haliendi popote. Ni usalama, lakini ni usalama unaoweza kukuacha katikati ya mlima, nao mlima wenyewe, Kitonga, ulikuwa mbele yetu.

Hakuna aliyehamaki. Mjomba akiendelea kukanyaga breki, utingo alikoroga sabuni ya unga kwenye kopo, akaingia chini na brashi, akawa anapaka maungio moja baada ya jingine. Kwenye chemba ya breki povu likaumuka. Diaframu, ule mpira wa duara ulio ndani ya chemba, umechanika. Mjomba aliinua kiti cha abiria, akatoa kisanduku, na ndani yake, imefungwa kwenye gazeti, palikuwa na diaframu mpya. Humo humo nikaona belti la feni, filta ya dizeli, mpira wa maji wa rejeta, senta bolti, balbu na waya. Vitu ambavyo vyote pamoja havifikii bei ya tairi moja, na kimojawapo kikikosekana usiku mahali pasipo na duka, unalala.

"Mjomba, shika tochi," aliniambia. Nasi tunaitana hivyo hivyo, yeye na mimi.

Kwanza waliweka mawe kwenye matairi, mbele na nyuma. Kisha akachukua bolti refu linalokaa ubavuni mwa chemba, akaliingiza kwa nyuma na kulikaza polepole hadi springi kubwa ya ndani ikakunjwa na kufungwa mahali pake. Hapo alisimama, akamtazama utingo usoni na kumwambia asiguse kabisa mkanda wa nyuma, ule unaobana chemba upande wa springi. Springi hiyo ina nguvu ya kuua mtu. Aliyewahi kufungua mkanda huo bila kuifunga springi hakupata nafasi ya kujifunza tena. Kijana akarudia maelezo yote kwa maneno yake mwenyewe. Ndipo wakafungua mkanda wa mbele, wakatoa mpira uliochanika, wakafuta kiti chake kwa kitambaa kikavu, wakaweka mpya, wakafunga. Injini ikawashwa, mshale wa upepo ukapanda, breki ikakanyagwa, brashi ya sabuni ikapita tena. Povu lililala. Muuza vitunguu aliyekuwa akitutazama alitupa pole, na mjomba akanunua kwake gunia dogo la nyumbani.

Kitonga hakuhitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kupanda. Barabara inabana ukingoni mwa mlima, kona zimejikunja, upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni bonde. Mjomba aliingiza gia ndogo chini kabisa, kabla gari halijaanza kulalamika, na hakuibadilisha njia nzima. Mtu angeweza kututangulia kwa miguu. Mshale wa joto ulipanda kidogo ukasimama. Injini ilinguruma kwa sauti moja, na mimi nikatazama kwenye kioo cha pembeni nikaona moshi.

Hapa lazima niseme ukweli wote. Gari hili lilibuniwa kabla Ulaya haijaanza kutumia viwango vya moshi vya Euro kwa malori, mwaka 1992, na hakuna fundi atakayelifanya litoe hewa safi kama lori la leo. Moshi mweusi mzito mara nyingi unasema nozeli zimechoka au filta ya hewa imeziba, na vyote viwili vinarekebishika. Mjomba huzitoa nozeli zikapimwe kabla hazijaanza kumwaibisha. Hata hivyo kuna watu wanaishi kando ya barabara hii, kuna watoto wanaotembea kwenda shule ukingoni mwake, na mapafu yao hayajui kama gari limetunzwa au la. Kwa hilo watoto wa mjomba wana haki. Siku malori mapya yatakapotengenezeka Doma na Ilula, na bei yake kuwa ya mtu mwenye gari moja, nitakuwa wa kwanza kumshawishi abadilishe.

Tena sitaki mtu atumie maneno yangu kutetea gari bovu. Barabara hii imeua watu wengi kwa malori yasiyo na breki, na askari wa usalama barabarani anayelizuia gari la namna hiyo anafanya kazi ya Mungu. Ninalolisifu mimi ni jambo tofauti na kuendesha chakavu mpaka lisimame. Mjomba ana daftari la jalada gumu, limeingia grisi hadi kurasa za katikati. Kila oili iliyobadilishwa imo, kila laini ya breki, kila tairi na lilikofungwa. Pesa ya mzigo ikiingia, ya gari inatengwa kabla ya ya nyumbani, na ndani ya ile ya gari breki zinatangulia, usukani unafuata, matairi yanafuata, rangi inakuja mwisho. Wengi huanza na rangi na redio. Ukitaka kujua mwenye gari ni mtu wa aina gani, chungulia chini ya chesisi. Kebini inaweza kukudanganya.

Juu ya mlima, Ilula, tulisimama kuruhusu injini ipumue. Hewa ilikuwa nyingine kabisa, baridi ya kuvaa koti. Mama aliyetuuzia ugali na maharage alitusalimia kwa Kihehe, "Kamwene," na mjomba akaitikia. Wakati tunakula nilimuuliza utingo, yeye akipata mtaji atanunua lipi. Alijibu bila kusita: jipya, lenye kiyoyozi, lenye kiti kinachobonyea. Mgongo wake ndio unaobeba mitikisiko ya 113, na masikio yake ndiyo yanayobeba kelele. Mjomba hakukasirika. "Nunua, mwanangu," alisema. "Ila uanze kulipa benki wakati una mzigo wa uhakika wa mwaka mzima. Masika Mufindi unayajua."

Maneno hayo yalinirudia tulipofika Mafinga, huko huko Mufindi. Biashara ya mbao ya huko inategemea misitu ya Sao Hill na mashamba ya watu binafsi, na mvua zikikolea barabara za ndani ya msitu hazipitiki. Mbao hazitoki, malori yanakaa. Marejesho ya mkopo hayakai. Nimeona watu wakibeba mzigo kwa bei isiyolipa hata mafuta, ili tu mwisho wa mwezi wapate cha kupeleka benki, na mtu wa namna hiyo ndiye anayeahirisha breki, ndiye anayeendesha usiku kucha bila kulala. Gari lililokwisha kulipiwa likikaa linakaa tu. Mwenye nalo anaweza kukataa mzigo mbaya. Anaweza kusema amechoka. Uhuru huo haujaandikwa popote kwenye hesabu za watoto wa mjomba, nami nadhani ndio wenye uzito kuliko yote.

Saruji ilishushwa asubuhi, mbao za kurudi nazo Dar zikaanza kupakiwa mchana. Wapakiaji wakiwa juu, mjomba na utingo walikuwa chini na pampu ya grisi, wakipita nipo moja hadi nyingine, wakisukuma mpaka grisi ya zamani itoke nyeusi na mpya ifuate. Baada ya hapo waliweka jeki chini ya ekseli ya mbele, wakainua tairi la kushoto kidogo tu lisiguse ardhi. Utingo aliingiza mtaimbo chini ya tairi na kulinyanyua. Mjomba alikuwa amelala chali, mkono kwenye maungio.

"Tena," alisema.

Kijana akanyanyua tena. Niliinama na kuona: kingpini ilicheza, nafasi ndogo mno, unene wa ukucha. Usukani haukuwa umeonyesha dalili yoyote njiani. Upande wa kulia ulikuwa umekaza.

Mwenye mbao alipiga simu kuuliza kama mzigo utafika Dar keshokutwa alfajiri, maana wateja wanamsubiri. Mjomba alimwambia hapana, ongeza siku moja. Tutalala Iringa, pale Ipogolo, kuna fundi anaziweza kingpini za Scania, tutabadilisha pini na bushi zake pande zote mbili kabla ya kuteremka Kitonga na mzigo. Sauti ya upande wa pili ikapanda. Nilisikia ikitajwa habari ya kutafuta gari jingine safari ijayo.

"Sawa, ndugu yangu," alisema mjomba. "Safari ijayo tafuta. Hii itafika siku moja baadaye."

Alirudisha simu mfukoni, akamwagiza utingo aandike kingpini kwenye daftari pamoja na tarehe, kisha akapanda juu kukagua kamba za mbao.